Shajara ya mradi: baiskeli ya kukunja ya kazini na safarini, Moshi

Januari. Tunachokitafuta

Lengo la mradi ni moja: kuchagua baiskeli ya kukunja itakayompeleka mtu kazini ndani ya Moshi siku za kazi, na mwisho wa wiki iingie kwenye buti la basi au nyuma ya viti vya Kosta kuelekea Arusha, Tanga au Dar. Zilizo mezani ni tatu. Ya kwanza ni ya chuma, ya Japani, aina inayoshuka na makontena ya mitumba: magurudumu ya inchi 20, gia sita, kapu mbele, karia nyuma. Ya pili ni Dahon ya aluminiamu, inchi 20, gia saba. Ya tatu ni Brompton ya inchi 16, ambayo fremu yake inajikunja sehemu tatu.

Wanaoziulizia baiskeli hizi huanza na ukubwa: ikikunjwa inabaki ndogo kiasi gani? Swali hilo tumelipa nafasi ya nne. Mbele yake kuna matatu. Tairi na tyubu zake zinapatikana hapa? Bawaba, yaani viungo vya kukunjia, zimekaza, na mwakani zitaweza kukazwa tena? Gia yake nyepesi inatosha kupanda hadi hospitali ya KCMC ukiwa umekaa kwenye kiti? Baiskeli iliyoshindwa hayo matatu itakuacha njiani hata kama inaingia kwenye begi.

Swali la tatu lina uzito wa pekee Moshi kwa sababu mji umekaa kwenye mteremko wa mlima. Kwenda kaskazini, yaani Shanty Town, KCMC na kisha Kibosho, ni kupanda. Kwenda kusini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC ni kushuka taratibu na baadaye tambarare. Anayekaa Pasua na kufanya kazi KCMC anahitaji gia nyepesi asubuhi na breki za kuaminika jioni. Anayefanya kazi mjini na kulala Majengo hana haja kubwa ya vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kushika baiskeli yoyote, andika kwanza njia yako ya kila siku na mahali inapopanda.

Februari, mwanzoni. Magurudumu

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotelea. Neno "inchi 20" lililoandikwa ubavuni mwa tairi halitoshi. Tafuta namba mbili zenye kistari katikati: 47-406, 28-451, 37-349. Ya mwanzo ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tairi la 20 x 1.75 ni la 406. Tairi la 20 x 1 3/8 ni la 451. Yote huitwa inchi 20, lakini tofauti yake ni milimita 45 nzima, na hakuna fundi atakayelivisha moja kwenye rimu ya jingine. Inchi 16 nazo ziko hivyohivyo: 16 x 1.75 ya watoto ni 305, ilhali 16 x 1 3/8 ya Brompton ni 349. Birdy ya Ujerumani ina saizi yake nyingine, 355, inayoitwa inchi 18.

Kwa mazingira yetu 406 ndiyo saizi ya kushika. Ni saizi ya BMX na ya baiskeli nyingi za watoto wakubwa, hivyo duka la spea linalohudumia watoto huwa na tairi za 20 x 1.95 na 20 x 2.125 pamoja na tyubu zake. Ukipasukiwa Himo au Same, bado una pa kuanzia. Mwenye 349 anatakiwa kutembea na tairi moja la akiba la kukunja na tyubu mbili, kwa sababu akikosa hakuna la kuazima kwa jirani. Ya Japani ikaguliwe kwa makini zaidi: nyingi ni 406, lakini zimo za 451, na ukiwa mbali na rimu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Soma namba.

Jambo la pili la magurudumu ni habu ya mbele, yaani kitovu cha gurudumu. Baiskeli ya kawaida ina nafasi ya milimita 100 au pungufu kidogo kati ya miguu ya foku, uma unaoshika gurudumu la mbele. Dahon nyingi na Brompton zina milimita 74, ili mzigo uwe mwembamba ukikunjwa. Habu ya dukani haiingii humo, na kuitanua foku kwa nguvu ni kuiharibu, hasa ya aluminiamu. Habu ya mm 74 ikiisha gololi au ekseli ikikatika, unaagiza na kusubiri. Kwenye Dahon yetu tumeifungua, tukasafisha kwa mafuta ya taa, tukaweka gololi mpya na grisi, na tumeandika habu ya akiba kwenye orodha ya manunuzi. Ya Japani tuliyo nayo ina foku ya upana wa kawaida. Hapo imezishinda zote mbili.

Spoku za gurudumu dogo nazo ni fupi kuliko zinazouzwa mitaani. Chomoa moja ya mbele, moja ya nyuma kila upande, pima, kisha nunua nne nne za akiba wakati gurudumu bado zima. Ukifikiria hilo baada ya spoku kukatika, umechelewa.

Tairi pana ni bora kuliko jembamba kwa vumbi na changarawe za pembeni mwa barabara. Tumeweka 50-406 kwenye Dahon na bado kuna nafasi ya kidole chembamba chini ya madigadi. 57-406, yaani 2.125, iligusa madigadi ya nyuma. Kwa mtu wa kilo 70 tunajaza psi 45 mbele na 55 nyuma, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Upepo ukipungua sana, tairi dogo linabonyea hadi rimu inagonga jiwe, na pancha yake huwa na matundu mawili sambamba. Ukiyaona hayo mawili, usitafute mwiba, ongeza upepo.

Miba ya migunga ndiyo adui wa kweli ukitoka nje ya lami. Tairi lenye tabaka nene la ndani, kama Marathon Plus ya Schwalbe ya 47-406, linasaidia sana, ila ni zito na mara nyingi huagizwa. Njia ya hapa inayofanya kazi ni kukata tyubu kuukuu katikati kwa urefu, kuondoa vali, na kuilaza kati ya tairi na tyubu mpya. Ncha zake zipunguzwe kwa mkasi ziwe nyembamba, la sivyo ukingo wake utaisugua tyubu hadi itoboke.

Kuhusu vali: baiskeli za Japani huja na vali ileile ya baiskeli kubwa nyeusi za hapa, ya kufungua kwa nati. Tundu lake kwenye rimu linapokea pia vali ya pikipiki, nasi tumehamia hiyo kote, kwa kuwa kila kijiwe cha bodaboda na kituo cha mafuta kina pampu yake. Ila tyubu ya inchi 20 inajaa kwa sekunde chache kwenye kompresa. Mwambie fundi aguse na kuachia, aguse na kuachia, huku ukibonyeza tairi kwa kidole gumba.

Februari, mwishoni. Bawaba

Sehemu hii tumeipa muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu bawaba ikiachia mtu yuko kwenye mwendo, hakuna cha kumwokoa.

Anza na bawaba ya fremu. Ifungue, futa grisi yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ipeleke juani. Kagua pale bawaba ilipochomelewa kwenye bomba la fremu, juu na chini. Kwenye chuma, ufa hujitangaza kwa mstari wa kutu unaotoka chini ya rangi. Kwenye aluminiamu hakuna kutu. Utaona mstari mwembamba mweusi, ambao ni unga wa aluminiamu uliochanganyika na uchafu. Pitisha ukucha. Ukikwama, baiskeli hiyo iache hapohapo, hata bei ishuke vipi. Fremu ya aluminiamu iliyopasuka haichomelewi mtaani: moto wa kuchomelea unaondoa ugumu ambao aluminiamu hiyo ilipewa kiwandani, na itapasuka tena kando ya kiraka. Ya chuma inachomeleka, lakini bawaba ikipinda hata kidogo wakati wa kuchomelea, nyuso zake mbili hazikutani tena. Sisi bawaba hatuchomelei, ya chuma wala ya aluminiamu.

Kisha pini. Kunja baiskeli nusu, shika upande wa mbele uinue na kuushusha. Ukisikia mlio mdogo wa kugonga, pini au bushi imelika. Kwenye nyingi pini inabadilishwa, lakini kwa saizi yake kamili. Boliti ya kukadiria italegea upya baada ya muda mfupi.

Kipimo cha tatu ni cha karatasi. Kata vipande vya karatasi ya daftari, weka kimoja kati ya nyuso za bawaba, funga lachi, ule mkono unaobana bawaba, kisha vuta. Rudia juu, chini, mbele na nyuma. Karatasi inatakiwa ishikwe kila mahali. Kwenye ile ya Japani ilishikwa chini na kuteleza juu, maana yake nyuso zinakutana upande mmoja tu na mzigo wote unabebwa na ukingo. Sababu ilikuwa rangi nene iliyopakwa juu ya uso wa bawaba na aliyeipaka upya. Tuliikwangua kwa msasa laini hadi chuma kikaonekana, tukafuta, tukapaka grisi nyepesi, na karatasi ikashikwa pande zote. Tulikwangua rangi peke yake. Ukilisugua na bomba lenyewe, umeanza kutengeneza pengo jipya.

Cha nne ni nguvu ya mkono wa lachi. Inatakiwa ianze kukaza ikiwa katikati ya safari yake, na imalizike kwa kusukumwa na kiganja. Ikifungwa kwa kidole kimoja, imelegea. Ikihitaji mguu au nyundo, imekazwa kupita kiasi na itapinda fimbo ya ndani. Rekebisha nati ya fimbo kwa robo mzunguko, funga, jaribu, ongeza robo nyingine. Usizungushe mzunguko mzima kwa mkupuo.

Bawaba ya nguzo ya usukani inaogopesha zaidi, na bahati mbaya haitazamwi sana. Nguzo hiyo ni ndefu, na kila unapovuta usukani unaibonyeza bawaba kwa nguvu mara kadhaa ya ile ya mikono yako. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa kwenye ungio la bawaba. Kikisikia mchezo hapo, kaza lachi. Kama mchezo uko chini zaidi, kwenye foku, hizo ni beringi za usukani, kazi tofauti kabisa. Fundi asiyetenganisha hayo mawili atakaza nati isiyohusika.

Machi. Gia, na uhusiano wake na bawaba

Mtu anayepanda mlima kwa gia nzito husimama kwenye pedeli na kuuvuta usukani kulia na kushoto. Kwenye baiskeli ya kawaida hiyo si neno. Kwenye ya kukunja, kila mvuto unaenda moja kwa moja kwenye bawaba tuliyoikagua hapo juu. Gia nyepesi ya kutosha inamweka mtu kwenye kiti, na bawaba inaishi miaka. Ndiyo maana hatulichukulii suala la gia kuwa la starehe ya magoti peke yake.

Hesabu ni rahisi. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa 406 ni mita 1.5 hivi. Jibu ni mita unazokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Dahon yetu ilikuja na meno 52 mbele na fliwili, yaani gia za nyuma, ya meno 14 hadi 28. Gia nyepesi ni 52 kwa 28, sawa na mita 2.8. Kwa barabara ya kupanda KCMC hiyo ni nzito kwa mtu asiye mwanamichezo, na kwa Kibosho haifai kabisa. Tumeweka meno 44 mbele na fliwili ya 14 hadi 34: gia nyepesi imeshuka hadi mita 1.9. Gia nzito ni 44 kwa 14, mita 4.7, na kwa mizunguko 80 kwa dakika ni kilomita 22 na kitu kwa saa. Mjini, kati ya bajaji na bodaboda, hakuna anayehitaji zaidi.

Cheni hatukuikata. Mwanzo jumla ya meno makubwa ilikuwa 52 na 28, yaani 80. Sasa ni 44 na 34, yaani 78. Tofauti hiyo haifiki pingili mbili. Kilichobadilika ni direla, ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni: uliokuwepo haukufika meno 34, tukaweka Shimano Tourney ya mkono mrefu. Kasoro yake ni kwamba kwenye gurudumu dogo mkono huo unaning'inia karibu na ardhi, hivyo unakusanya tope na majani. Ukipita kwenye nyasi, hamia gia ya kati ili cheni iuvute mkono mbele.

Ya Japani ilituletea kazi nyingine. Gia yake ya mbele imepigwa ribiti kwenye kranki, ule mkono wa pedeli, haitoki peke yake. Ukitaka meno machache unabadilisha kranki nzima, na kuing'oa kunahitaji pula, kifaa cha kuivutia nje. Usikubali ing'olewe kwa nyundo, maana ekseli na beringi zake ndizo zinazopokea kipigo.

Brompton ya gia sita hutumia gia tatu ndani ya habu na gia mbili za meno nje. Ni safi, haipati tope. Lakini habu hiyo ikiharibika ndani, Moshi mafundi wa kuifungua ni wachache, na spea zake hazikai kwenye sanduku la mtaani.

Pedeli za kukunja za plastiki tumezitoa zote. Huvunjika kwenye kiungo chake, kwa kawaida wakati wa kupanda. Mahali pake tumeweka za aluminiamu za uzi wa 9/16, saizi ya kawaida. Ya kushoto inafunguliwa kinyume, kumbuka kabla hujaivunja spana. Upana unaoongezeka ukikunja ni sentimita chache tu.

Aprili. Breki, masika yakiwa yamekolea

Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa haishiki. Hilo halina marekebisho. Weka rimu ya aluminiamu au usipande siku ya mvua. Ya Japani ilikuwa na kromu mbele.

Nyuma ina breki ya mkanda, ile inayobana ngoma kwa nje. Mtelemko mrefu ukiipasha moto inapiga kelele kisha inakuwa dhaifu, na maji yakiingia ndiyo kabisa. Kwa Majengo na Soweto inatosha. Kwa kushuka kutoka Kibosho hatumruhusu mtu.

Rimu ya inchi 20 ina chuma kidogo cha kupokea joto kuliko ya inchi 26 au 28, kwa hiyo hata breki nzuri za V zinachoka haraka zaidi. Usiziburute muda wote. Bana kwa nguvu, punguza mwendo, achia rimu ipoe, bana tena, ukigawa kazi kati ya mbele na nyuma. Kila baada ya mvua futa rimu na chomoa changarawe zilizojikita kwenye raba za breki kwa ncha ya kisu. Changarawe moja inachimba mfereji kwenye rimu ya aluminiamu ndani ya masika mamoja, na rimu iliyochimbika inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi lenyewe.

Juni. Safari

Sasa ndipo ukubwa unapopata nafasi yake. Brompton ikikunjwa ni sentimita 64.5 kwa 58.5 kwa 27, na cheni inabaki katikati ya magurudumu bila kumpaka mtu mafuta. Dahon ni karibu 80 kwa 65 kwa 35. Ya Japani inazidi hapo, na kapu lazima litoke.

Kwa basi zote zinaingia. Kinachoamua ni kava. Baiskeli iliyo wazi konda ataihesabu ni baiskeli na atataka nauli yake. Ikiwa ndani ya mfuko wa kanvasi wenye mikanda ni begi kubwa. Fundi cherehani ashone sm 85 kwa 70 kwa 40, chini aweke turubai mara mbili, zipu ipite pande tatu. Direla ifunikwe kwa kipande cha ndoo ya plastiki kilichofungwa kwa kamba, kwa sababu mzigo wa mwenzako utaegemea hapohapo na kukipinda kishikio chake. Weka gia nyepesi kuliko zote kabla ya kukunja, ili mkono uingie ndani. Iingize mwenyewe kwenye buti, wima, juu ya magurudumu, na isiwekewe kitu juu ya nguzo ya usukani. Treni ya TRC, iliyorudi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020, haina buti la kugombania, ila ngazi za behewa zinakukumbusha uzito.

Kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hesabu ni nyingine. Mashirika mengi yanataka jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158, na uzito kilo 23. Brompton ina jumla ya 150, sanduku likiwa jembamba inapita. Dahon ina 180, kwa hiyo magurudumu, kiti na nguzo yake lazima vitoke. Punguza upepo, weka kipande cha mbao kati ya miguu ya foku isibonyezwe. Anayepanda ndege mara kwa mara anunue Brompton, akubali shida ya tairi za 349.

Julai. Uamuzi na kazi zilizobaki

Tunaendelea na Dahon ya 406 kama baiskeli ya mradi. Ya Japani tunaipendekeza kwa anayeishi na kufanya kazi kusini mwa Mnara wa Saa, mradi bawaba ipite kipimo cha karatasi na rimu ya mbele ibadilishwe. Ni ya bei nafuu, chuma chake kinasamehe, na spea zake karibu zote ni za kawaida.

Yaliyobaki: habu ya mbele ya mm 74 haijafika. Nguzo ya kiti, ya kipenyo cha mm 33.9, inateleza chini polepole. Imefutwa mafuta, nati ya kibano imekazwa kidogo, na tumechora alama ya rangi ili mtelezo uonekane mapema. Alama kama hiyo iko kwenye nati za lachi zote mbili. Bawaba zinafutwa na kupimwa kwa karatasi kila mwezi, na kila baada ya safari ya basi, kabla mtu hajaketi.